Amana na Ufunguo

Kuweka mali ya mwenzako ni kazi nzito kupita kuweka mali yako. Yako ikipotea utasikitika, utasema imepita, na mambo yatakwisha baina yako na nafsi yako. Lakini ya mwenzako ikipotea, na mwenzako huyo akawa ni yatima, hupati pa kuuweka uso wako. Nakuomba, msomaji, uniazime sikio nikusimulie habari ya amana niliyopewa mwaka 2019, maana amana hiyo ilinifundisha hesabu nisizopata kuzijua, ijapokuwa nilisomesha hesabu kwa miaka mingi.

Marehemu ndugu yangu, mdogo wangu kwa kuzaliwa, alikuwa fundi wa kompyuta mjini Mombasa. Aliwatengenezea watu wa ng'ambo programu za biashara zao, na baadhi yao walimlipa kwa Bitcoin, sarafu ile isiyoshikika kwa mkono. Tulimcheka sana. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilipoutahadharisha umma kwamba Bitcoin si fedha halali nchini, nilikikata kipande cha gazeti chenye habari hiyo nikampelekea, naye akakikunja akakitia mfukoni bila ya kunijibu neno. Miaka minne baadaye alikuwa kitandani, maradhi yamekwisha kummaliza. Aliniita peke yangu akanipa bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi yenye maneno kumi na mawili ya Kiingereza, ambayo ukiyasoma pamoja hayana maana yoyote.

"Kaka," aliniambia, "hii ni ya binti yangu. Mpe atakapotimiza miaka ishirini na mmoja."

Mtoto alikuwa na miaka minne. Hesabu yake si ngumu: bahasha ile ilikuwa ikae mikononi mwangu hata mwaka 2036.

Najua, msomaji, moyo wako umekwisha kuuliza: maneno kumi na mawili ya karatasi yanawezaje kuwa mali? Nami niliuliza hivyo hivyo, na kwa kuwa yeye ambaye angenijibu tulikuwa tumekwisha kumzika, ilinibidi nijisomee mwenyewe usiku kwa usiku. Bitcoin ilianza tarehe 3 Januari 2009, na aliyeianzisha alijiita Satoshi Nakamoto, jina ambalo halijathibitika ni la nani. Haina noti wala sarafu ya shaba. Ni daftari moja kubwa lililonakiliwa katika maelfu ya kompyuta duniani, na kila mtu ana ruhusa ya kulisoma. Daftari hilo halitaji majina ya watu. Hutaja anwani, yaani mstari wa herufi na tarakimu, na kiasi kilichomo katika kila anwani. Atakaye kukitoa kiasi hicho hutia saini, na saini hiyo haitiwi kwa mkono bali kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wa siri ni namba tu, lakini ni namba iliyochaguliwa katika bahari ya namba ambayo kubwa yake ina tarakimu 78. Yale maneno kumi na mawili, yaliyotolewa katika orodha maalumu ya maneno 2,048, ndiyo mbegu ambayo funguo hizo huchipuka. Aliye na maneno ana mali. Asiye nayo, hata aje na hati ya mahakama na mashahidi arobaini, hana kitu.

Sasa nivumilie kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Kutokana na ufunguo wa siri hutengenezwa ufunguo wa pili, nao ni wa hadhara. Wa kwanza hutia saini. Wa pili huwawezesha watu kuihakiki. Kwenda kutoka wa kwanza hadi wa pili ni hesabu nyepesi, lakini kurudi kutoka wa pili hadi wa kwanza ni muhali kwa kompyuta tulizozizoea. Mfano wake ni huu: nikikuambia ukizunguke kiwanja cha shule hatua elfu saba mia mbili na tatu, utakwenda, na mwisho utasimama mahali. Mwenzako akija akakukuta umesimama hapo, ataona uliposimama, walakini atajuaje kiwanja umekizunguka mara ngapi? Kiwanja cha Bitcoin ni kikubwa kupita fikira, na hatua zake hurukaruka huku na huku, hazifuati ukuta. Anayetaka kuzihesabu nyuma hutaabika bure.

Na juu ya kizuizi hicho pana kingine. Aghalabu ufunguo wa hadhara hauandikwi daftarini mara moja. Kwanza hupitishwa katika hesabu nyingine inayousaga kama kinu kisagavyo mahindi, na unga utokao ndio anwani. Ukipewa unga huwezi kuurudisha kuwa mahindi. Basi mali iliyopokewa katika anwani ya namna hiyo, na isitolewe kamwe, walimwengu huuona unga wake tu. Siku ya kutoa ndipo mwenyewe hulazimika kuonyesha mahindi, yaani ufunguo wa hadhara, ili saini yake ihakikiwe. Na ukishaonyeshwa siku moja, daftari haliusahau tena.

Sasa nitaje kosa langu. Mwaka 2021 karo ya mtoto ilichelewa, na shemeji yangu alikuwa hana kazi. Niliona si vibaya kutoa sehemu ndogo ya mali ya mtoto kwa ajili ya mtoto mwenyewe, na mpaka leo sioni vibaya. Lakini Bitcoin hutolewa kama noti: ukiwa na noti ya shilingi 1,000 na deni la 200, hutoi robo ya noti wala sehemu yake ya tano, hutoa noti nzima, na chenji hukurudia. Chenji hiyo lazima iandikiwe anwani ya kurudi. Mtu mwenye ujuzi huirudisha katika anwani mpya. Mimi, kwa unadhifu wa kimwalimu wa kutaka kila kitu kikae mahali pake pa zamani, niliirudisha katika anwani ile ile ya marehemu. Hivyo karibu mali yote ya yatima ikabaki chini ya ufunguo ambao nilikuwa nimekwisha kuutandaza mbele ya dunia nzima. Sikujua kama nimefanya kosa. Nililala usingizi mzuri kwa miaka mitatu.

Desemba 2024 nilisoma kwamba kampuni ya Google imetengeneza chembe ya kompyuta ya kwanta iitwayo Willow, yenye kyubiti 105. Kyubiti ni sehemu ndogo kabisa ya kuwekea habari katika kompyuta ya namna hiyo, kama tarakimu ilivyo katika hesabu yetu. Niliisoma habari ile kama asomavyo mtu habari za mwezini, hata nilipofika penye neno Bitcoin. Hapo nikarudi juu nikaanza upya.

Watu hupenda kusema kwamba kompyuta ya kwanta hujaribu majibu yote kwa mara moja, kisha ikalichagua la kweli. Maneno hayo ni mepesi kusema, lakini hayana usahihi. Ukitaka mfano ulio karibu na ukweli, nenda ukasimame Likoni wakati vivuko viwili vinapopishana. Utaona mawimbi ya kimoja yakikutana na mawimbi ya kingine: penye kilele kukutana na kilele, maji huinuka zaidi; penye kilele kukutana na bonde, maji hutulia kana kwamba hakuna kilichopita. Kompyuta ya kwanta huifanya hesabu kwa namna ya mawimbi, na ufundi wote ni kuyapanga ili majibu ya uongo yauane yenyewe kwa yenyewe na jibu la kweli liinuke. Si kila hesabu inayokubali kupangwa hivyo. Lakini mwaka 1994 Peter Shor, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha kwamba hesabu zile zile tulizozifanya kuwa kufuli zetu zinakubali. Aliyekizunguka kiwanja anaacha mdundo katika mwendo wake, na mawimbi huusikia mdundo huo. Kinu chenyewe, yaani ile hesabu ya kusaga, hakidhuriki sana. Njia aliyoionyesha Lov Grover mwaka 1996 hukipunguzia nguvu, haikivunji. Kwa hiyo hatari kubwa iko kwa yule ambaye mahindi yake yamekwisha kuonekana. Ndiye mimi.

Je, hatari hiyo i mlangoni au i mbali? Hapa pana maneno mengi, na wengi wayasemao wana kitu wanachouza. Mimi nakupa hesabu mbili tu. Mwaka 2019 watafiti Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja kufuli iitwayo RSA, ya biti 2,048, kungehitaji kyubiti milioni 20 na muda wa saa 8. Mwaka 2025 Gidney huyo huyo alikadiria kwamba kyubiti pungufu ya milioni moja zingetosha, kwa muda usiofika juma. Kufuli ya Bitcoin si RSA, lakini ni za ukoo mmoja, na njia ya Shor huzivunja zote mbili. Linganisha makadirio hayo na kyubiti 105 za Willow, au 1,121 za chembe ya Condor iliyotangazwa na kampuni ya IBM mwaka 2023, utaona kwamba safari bado ni ndefu. Lakini zingatia kwamba katika miaka sita mashine haikusogea peke yake. Lengo nalo lilisogea kuielekea mashine. Nami nilikuwa na bahasha ya mwaka 2036.

Kuna kisa cha kwetu kilichonijia usiku huo, na sidhani kama vijana wa Mombasa wanakijua vya kutosha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na kituo cha kuvunja maandishi ya siri ya Wajapani, na mwaka 1942 kituo hicho kilihamishiwa Kilindini, kikawekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, inayoitazama bahari. Katika madarasa yale, waandishi walipokea ishara za redio zilizotumwa na meli za Japani, wakaziandika na kuziweka, hata zile wasizoweza kuzisoma. Mojawapo ya siri hizo, waliyoiita JN-40, ilikuwa imewashinda. Septemba 1942 Wajapani wakafanya kosa: ujumbe mmoja ulitumwa ukiwa na upungufu, kisha ukarudiwa ukiwa kamili, kwa ufunguo ule ule. Kosa hilo likawapa wavunjaji pa kuingilia. Ilipofika Novemba walikuwa wakisoma kila ujumbe uliokuwa ukija. Na si huo tu: walirudi wakazisoma na zile za nyuma zote, zilizokuwa zimelala katika mafaili.

Mara ngapi nimeipita shule ile! Wala sikuwaza kwamba ndani yake aliyetumia ufunguo mara mbili alifunzwa adabu. Mjapani yule wa redio na mimi mwalimu wa hesabu tulifanya kosa la aina moja: tuliurudia ufunguo kwa kuwa kurudia ni rahisi. Na tofauti iliyopo inanielemea mimi, kwa sababu zile ishara zilihitaji mtu wa kuzinasa hewani, na daftari la Bitcoin limejinasa lenyewe. Atakayeweza kuusoma ufunguo wangu mwaka 2035 hana haja ya kuniotea leo.

Hofu ni mlango, na aliye na hofu huuacha wazi. Juma moja baada ya usiku ule alinipigia simu kijana mwenye sauti ya heshima. Alinipa shikamoo, akanitaja kwa jina, akasema kampuni yake ina sanduku jipya ambalo kwanta haiwezi kulivunja, na kwamba akaunti za zamani zote zitafungwa mwisho wa mwezi. Alichotaka kwangu ni kitu kidogo: nimsomee yale maneno kumi na mawili ili ayatie sandukuni. Usinicheke, msomaji. Mtu aliyesomesha aljebra robo ya karne alivaa miwani, akafungua bahasha ya yatima, akasoma neno la kwanza, akasoma neno la pili. Shemeji yangu aliingia na sinia ya chai.

"Unamsomea nani karatasi ya mtoto?" aliniuliza.

Nikaikata simu. Mkono ulikuwa ukinitetemeka. Baadaye nilipotulia niliketi na kalamu nikapiga hesabu ya maneno kumi yaliyobaki, kila moja likiwa limetoka katika maneno 2,048, nikaona kwamba yule kijana asingeyapata kwa kubahatisha hata angeishi umri wa milima. Lakini hesabu haikuniondolea aibu. Kompyuta ya kwanta ilikuwa bado haijazaliwa kwa ukubwa wa kunidhuru, na mimi nilikuwa karibu niibiwe kwa kulitaja jina lake tu. Tangu siku hiyo nimesikia hadithi kama hiyo kwa watu wengine wawili, na mmoja wao alimaliza maneno yote kumi na mawili.

Nilihama. Nitakueleza nilivyohama, kwa sababu huenda na wewe siku moja ukashika mali ya namna hii. Kwanza nilitengeneza maneno mapya kumi na mawili kwa kifaa kisichounganishwa na intaneti, nikayaandika kwa kalamu, si kwa simu wala kwa picha. Kutoka maneno hayo nikapata anwani mpya, ya zile zinazoanza kwa herufi bc1q, ambazo huonyesha unga tu. Ziko nyingine zinazoanza kwa bc1p, zilizoanza kutumika Novemba 2021. Hizo ni nzuri kwa mambo mengine, lakini zenyewe huubeba ufunguo wa hadhara waziwazi tangu siku ya kwanza, nami sikuzitaka kwa kazi hii. Kisha nikatuma kiasi kidogo sana, kama mtu apimaye kina kwa mti kabla ya kuvuka. Nikafuta kila kitu katika kifaa, nikayaandika maneno upya kutoka katika karatasi, na nilipoona kile kiasi kidogo kimerudi mbele ya macho yangu, nikajua kwamba karatasi ni sahihi. Hapo ndipo nikahamisha mali yote, nisibakishe hata senti katika anwani ya zamani. Ukurasa mpya wa daftari huongezwa kwa wastani wa kila dakika kumi. Mimi nilingojea kurasa sita, saa nzima, nikiwa nimeketi juu ya ukingo wa kiti kama mwanafunzi anayengojea jina lake katika orodha ya waliofaulu.

Tangu hapo nina sheria moja. Ikiwa lazima nitoe kitu, nautoa mzigo wote: sehemu inakwenda kulipa, na chenji yote inakwenda katika anwani mpya ambayo haijapata kutumika. Anwani iliyotumika haitumiki tena.

Sikuwa peke yangu katika kuhama. Agosti 2025 nchi ya El Salvador, ambayo mwaka 2021 ilikuwa ya kwanza duniani kuifanya Bitcoin kuwa fedha halali, iliigawa hazina yake iliyokuwa katika anwani moja, ikaitia katika anwani mpya 14, kila moja isizidi Bitcoin 500, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa ni hii ya kwanta. Nilifarijika niliposoma habari hiyo. Serikali nzima, pamoja na washauri wake, ilikuwa imeiweka mali yake juani kama mimi.

Walakini sitaki nikudanganye kwamba nimemaliza kazi. Nilichofanya ni kuiondoa amana juani na kuiweka kivulini, na kivuli huhama. Siku binti atakapotaka kuitumia mali yake itambidi aonyeshe ufunguo wa hadhara, na baina ya kuuonyesha na kuandikwa daftarini kuna zile dakika kumi au zaidi. Ikiwa siku hiyo dunia ina mashine yenye nguvu na ya haraka, mwizi anaweza kuunyakua ufunguo njiani. Dawa ya kweli ni kubadili saini zenyewe, na dawa hiyo ipo. Tarehe 13 Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, baada ya shindano lililoanza mwaka 2016, ilitoa kanuni za kwanza za kufuli zilizokusudiwa kuihimili kwanta. Mojawapo ya saini hizo imejengwa kwa vinu vitupu, yaani kwa ile hesabu ya kusaga ambayo Shor hakuiweza. Lakini dawa ni chungu. Saini ya Bitcoin iliyozoeleka haifiki baiti 75. Mojawapo ya hizo mpya ina baiti 2,420, na ile ya vinu haipungui 7,856. Ukurasa wa daftari ni ule ule. Waandishi wawili wanaoandika herufi kubwa hivyo watawanyima nafasi waandishi mia.

Tena hakuna wa kuamrisha. Benki ikitaka kubadili kufuli zake, wakuu wake hukutana, mafundi hufanya kazi usiku, na asubuhi wewe mteja hujui kama kumetokea lolote. Na mwaka 2025 Kenya ilipata sheria ya kuwasimamia watoao huduma za mali za kripto, nayo naamini itawafaa wengi. Lakini sheria ya nchi moja haiwezi kubadili daftari lililo katika kila nchi. Bitcoin haina mkuu. Liko pendekezo lililopewa namba 360, linalotaka kuongeza aina ya anwani ya kuihimili kwanta, nalo lazima lipite katika majadiliano ya watu ambao hawajapata kuonana na wasiopenda kuharakishwa. Huku NIST, katika rasimu yake ya Novemba 2024, ilipendekeza kufuli za zamani za ukoo huu zisiruhusiwe kabisa baada ya mwaka 2035. Mwaka mmoja kabla ya bahasha yangu kufunguliwa! Ulipogongana ukutani mwangu mwaka ule na mwaka huu, nilicheka peke yangu, na si kwa furaha.

Lililo zito kuliko yote ni swali la mali iliyolala. Kampuni ya Deloitte iliwahi kukadiria kwamba kama robo ya Bitcoin zote zilikuwa katika anwani ambazo funguo zake za hadhara zimekwisha kuonekana. Miongoni mwa hizo zimo zile za mwanzo kabisa, ambazo hazikupitishwa kinuni, na inakadiriwa kwamba za Satoshi mwenyewe zinakaribia milioni moja. Hazijaguswa tangu miaka ile. Zifanywe nini? Wako wasemao: itangazwe tarehe, na asiyehamia katika kufuli mpya kabla ya tarehe hiyo mali yake igandishwe, kwani afadhali isiwe ya mtu kuliko kuwa ya mwizi. Wengine husema kwamba kugandisha mali ya mtu kwa kura ni wizi uliovaa kanzu.

Mwanzoni nilikuwa upande wa kugandisha, na kwa nguvu, kama mtu ambaye yake amekwisha kuihamisha. Ndipo siku moja nikajiuliza: je, kama mwaka 2022 ningalikufa? Bahasha ingelala kabatini. Shemeji asingejua neno moja la haya. Tarehe ingetangazwa huko duniani kwa Kiingereza, ingepita, na binti angekuja mwaka 2036 na karatasi ya baba yake akaambiwa amechelewa. Hakuwa mzembe wala hakuwa mwizi, alikuwa mtoto. Tangu siku hiyo nazionea huruma anwani zile zilizolala, maana sijui ni ngapi zina mtoto nyuma yake. Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba ni bora kuziacha ziporwe na wa kwanza mwenye mashine. Nikilazimishwa kuchagua, nitasema muda uwe mrefu sana, na iachwe njia ya kumsikiliza atakayekuja baadaye na maneno yake. Nasikia mafundi wanaitafuta njia kama hiyo. Waitafute kwa bidii.

Katika likizo ya Agosti 2025 binti alikuja kukaa kwangu. Ana miaka kumi, anapenda namba, na macho yake ni ya baba yake. Alinikuta mezani na bahasha, ambayo miaka sita iliyopita niliiandikia juu yake kwa wino mweusi: ISIFUNGULIWE MPAKA 2036.

"Ami, hiyo ni yangu?" aliuliza.

Nikamwambia ni yake, na kwa kuwa aliuliza nikamweleza habari za kiwanja na za kinu, nikiacha za yule kijana wa simu. Alisikiliza akiwa ameegemea meza. Kisha akaisoma ile anwani ya juu ya bahasha.

"Lakini umesema lazima ihamishwe," akasema. "Isipofunguliwa, itahamishwaje?"

Nikachukua rula nikaukata mstari ule. Chini yake nikaandika: IANGALIWE KILA JANUARI. Nikatia sahihi na tarehe, nikadhani nimekwisha.

"Na Januari ambayo wewe hupo, ami?"

Sikuwa na jibu. Nikampa kalamu. Aliandika jina la mama yake chini ya sahihi yangu, polepole, kwa herufi za kushikana kama anavyofunzwa shuleni. Kisha akaruka mstari mmoja, akaliandika la kwake.